Mizani na Maji: Wahindu Wanamaanisha Nini Wanaposema Usafi

Katika sura ya tano ya Manusmriti, mkusanyiko wa kale wa sheria na desturi za Kihindu, kuna maelekezo marefu ya namna ya kutakasa kila kitu: vyombo vya shaba na risasi husuguliwa kwa majivu na vitu vichachu kisha vikasuuzwa, nyumba hufagiwa na sakafu ikasiribwa kwa samadi ya ng'ombe, mwili huoshwa kwa udongo na maji. Msomaji anayeyapitia maelekezo hayo anaweza kudhani kwamba ameshika kitabu cha nyumba na jikoni. Lakini katikati yake umesimama ubeti mmoja unaoyapindua yote. Unasema kwamba katika kila namna ya usafi, usafi katika mambo ya mali ndio ulio mkubwa, na kwamba mtu msafi ni yule asiye na doa katika kuchuma mali yake, si yule aliyejisafisha kwa udongo na maji.

Tuseme basi kuna mfanyabiashara aliyeamka kabla ya mapambazuko, akaoga mtoni, akavaa nguo iliyofuliwa, akasali, kisha akafungua duka na kuwapunja wateja mizani. Kwa ubeti huo, mtu huyo hajaoga. Waswahili wangesema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jambo la kushangaza ni kwamba hukumu hiyo haikutolewa na mpinzani wa taratibu za utakaso. Imetolewa na kitabu kilekile kinachozipanga taratibu hizo kwa undani, na kwa hiyo anayetaka kuelewa usafi wa Kihindu hana budi kuyabeba mambo yote mawili kwa pamoja.

Kwanza tusafishe maneno. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, awe Mwislamu, Mkristo, Sikh au Mjaini. Mhindu ni mfuasi wa dini, naye anaweza kuwa Mnepali, mtu wa kisiwa cha Bali nchini Indonesia au Mtanzania. Makala hii inamhusu Mhindu. Neno lenyewe ni shaucha, la Kisanskriti, na mzizi wake una maana ya kung'aa au kuwaka. Kwa hiyo kitu kilicho safi, katika asili ya neno, ni kile kinachopitisha mwanga wake, mfano wa taa ambayo chemni yake imefutwa masizi. Msomaji wa pwani yetu ana bahati katika jambo hili, kwa sababu lugha yake tayari inatofautisha usafi na twahara: nguo inaweza kuwa nyeupe pe na bado isifae kwa sala. Tofauti ya namna hiyo ipo kwa Wahindu pia, ingawa sheria zake ni nyingine kabisa na hazipaswi kuchanganywa na za Kiislamu.

Mahali ambapo shaucha imewekwa wazi zaidi kama nidhamu ya maadili ni katika Yogasutra ya Patanjali, kitabu cha kale cha mafundisho ya yoga. Huko njia ya yoga ina viungo vinane, na viwili vya mwanzo havihusu kukunja miguu wala kuvuta pumzi. Cha kwanza, yama, ni miiko mitano inayomwongoza mtu katika kuishi na wenzake: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia katika mambo ya mwili, na kutojirundikia mali. Cha pili, niyama, ni mazoea matano ambayo mtu anajijengea nafsini mwake: usafi, kuridhika, kujikaza, kujisomea maandiko na kujikabidhi kwa Mungu. Shaucha inaongoza orodha hiyo ya pili. Mpangilio huo una maana. Anayeanza na usafi ilhali bado anadhuru, anadanganya na kuiba ameruka hatua, kwa kuwa miiko ya kuishi na watu imetangulia.

Vyasa, mfafanuzi wa kale wa maandishi hayo, aliigawa shaucha mara mbili. Ya nje huletwa na udongo, maji na vitu vingine vya kusafishia, pamoja na kula chakula kilicho safi. Ya ndani ni kuziosha taka za moyo. Udongo hapa si fumbo: kabla ya sabuni kuenea, udongo laini ulisuguliwa mikononi na miguuni, ukasuuzwa kwa maji. Kuhusu taka za moyo, wafafanuzi waliofuata walizitaja kwa majina, na majina hayo hayahitaji mkalimani: kiburi, majivuno, husuda.

Patanjali mwenyewe anaeleza matunda ya shaucha katika beti mbili, na ya kwanza huwashtua wasomaji wengi. Anasema kwamba kutokana na usafi mtu huingiwa na jugupsa, yaani kinyaa, kwa viungo vya mwili wake mwenyewe, na hamu ya kugusana na miili ya wengine hupungua. Ubeti huu umesomwa vibaya mara nyingi, kana kwamba unafundisha kuuchukia mwili au kuwaona watu kuwa uchafu. Vyasa anausoma kwa utulivu zaidi: mtu anayeuosha mwili kila siku, akaona jinsi unavyochafuka tena kabla jua halijatua, hatimaye anautambua ulivyo na anaacha kuuabudu. Kinyaa kinachozungumzwa kinaelekezwa kwa mwenye mwili. Ninaomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwa sababu sehemu kubwa ya balaa iliyozaliwa na dhana ya usafi katika historia ya India ilitokana na kinyaa hicho kugeuzwa uso, kikaacha kumtazama mwenyewe na kumtazama jirani.

Ubeti wa pili unataja matunda ya usafi wa ndani: hali ya moyo hutakata, kisha huja uchangamfu, kisha uwezo wa kukazia nia jambo moja, kisha kuzitawala hisi, na mwisho mtu hufaa kuiona nafsi yake ya kweli. Uchangamfu umewekwa karibu na mwanzo. Kwa kipimo hicho, mtu mwenye kujitakasa ambaye uso wake umekunjamana daima, anayewakaripia wanaomkaribia wasije wakamnajisi, hajafika hata ngazi ya pili.

Sasa, moyo unaoshwaje, ikiwa maji hayaufikii? Manusmriti ileile inajibu kwa kugawa kazi: viungo vya mwili husafishwa kwa maji, moyo kwa ukweli, nafsi kwa elimu na kujikaza, na akili kwa maarifa. Bhagavad Gita, andiko takatifu la Kihindu, katika sura ya 17 inaihesabu shaucha kuwa sehemu ya jitihada ya mwili, halafu inataja jitihada ya moyo peke yake, ambayo ndani yake umo utulivu, upole, ukimya na usafi wa nia. Patanjali anatoa njia mbili za vitendo. Ya kwanza ni kuzoeza moyo mielekeo minne kwa watu wa aina nne: urafiki kwa wenye furaha, huruma kwa wenye dhiki, kufurahia wema wa watu wema, na kutojishughulisha na ubaya wa wabaya. Ukiitazama kwa makini, kila mwelekeo ni dawa ya taka fulani. Anayemfanya rafiki mtu aliyefanikiwa hana pa kuiweka husuda, na asiyechokonoa maovu ya watu hana pa kuuweka umbeya. Njia ya pili ni kupanda wazo la kinyume: likija wazo la kumdhuru mtu, lisipiganwe kifua kwa kifua, bali mtu ajikumbushe matunda ya madhara hayo, kwamba ni mateso na ujinga usio na mwisho.

Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, inaliendeleza jambo hili kwa lugha ya hija. Mzee Bhishma, shujaa aliyejeruhiwa vitani, akiwa amelala juu ya kitanda cha mishale, anaulizwa ni wapi palipo bora zaidi pa kuoga, naye anamjibu mfalme Yudhishthira kwamba kuna kivuko kilichomo moyoni, ambacho maji yake ni ukweli na kina chake hakipimiki, na kwamba aliyelowesha mwili tu hajaoga. Katika simulizi za namna hiyo hurudi mara kwa mara mfano wa samaki: huzaliwa ndani ya mto mtakatifu, huishi na kufa humo, na hakuna aliyewahi kudai kwamba wameokoka kwa sababu hiyo.

Katika chakula, usafi wa nje na wa ndani vinagongana waziwazi. Chandogya Upanishad, moja ya maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu, ina sentensi fupi isemayo kwamba chakula kikiwa safi, hali ya ndani huwa safi, na hali ya ndani ikiwa safi, kumbukumbu huwa imara. Neno lililotumika, ahara, maana yake ni kile kinacholetwa ndani. Shankara, mwalimu mkubwa wa Advaita, falsafa inayofundisha kwamba nafsi ni moja kwa wote, alilisoma kwa upana: kinacholetwa ndani ni kila kinachopita katika hisi, yaani sura, sauti na maonjo, kwa hiyo chakula safi ni utambuzi usiochafuliwa na tamaa, chuki na upumbazo. Ramanuja, aliyefundisha katika karne za 11 na 12, alilisoma kwa maana ya sahani. Kwake chakula kinaweza kuharibika kwa asili yake, kama vile vitunguu saumu, kwa hali ya mtu aliyekileta, au kwa kilichokiangukia, kama vile unywele na vumbi. Wote wawili wana wafuasi mpaka leo, na Wahindu wengi huishi kati ya hao wawili bila kusumbuka. Mtu wa namna hiyo atakataa nyama na vitunguu siku ya mfungo, na siku hiyohiyo atajizuia kusengenya, akiamini kwamba vyote viwili huingia ndani.

Zipo pia adabu ndogondogo za kila siku. Chombo kilichogusa mdomo wa mtu, au mabaki ya sahani yake, huitwa jutha, wala hapewi mtu mwingine. Ndiyo sababu utawaona wazee wakimimina maji kinywani kutoka juu bila midomo kugusa chombo. Kabla ya ibada mtu hunywa mafunda matatu ya maji kutoka kiganjani. Viatu huachwa nje, kama anavyojua kila aliyepita mlangoni pa mahekalu ya mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Kinachohitaji maelezo ni ashaucha, hali ya kutokuwa na usafi, kwa kuwa hapa ndipo wageni wengi, na Wahindu wasio wachache, hupotea njia. Ashaucha haimaanishi dhambi. Mtoto akizaliwa, familia nzima huingia katika hali hiyo, na mtu akifa vilevile, pamoja na ndugu waliokuwa mbali na hawakuigusa maiti. Hakuna aliyekosea. Kuzaliwa na kufa ni nyakati ambapo mpaka kati ya walio hai na wasio hai umefunguka, na familia husimama pembeni ya ibada na shughuli za kawaida mpaka ufungwe tena. Ukiitazama hivyo, ni pumziko lenye kanuni: waliofiwa hawatarajiwi kuandaa karamu, na mama aliyejifungua hatarajiwi kusimama jikoni. Manusmriti inaeleza kwamba mfalme hashikwi na hali hiyo, kwa sababu anakaa kitini kuwalinda watu. Maana yake ni kwamba hata kanuni hii kali ilijua kusogea panapokuwa na wajibu mkubwa zaidi.

Lakini kitabu hichohicho kinahesabu siku za msiba kwa ngazi za kuzaliwa: Brahmani, wa tabaka la makuhani, siku 10; Kshatriya, wa tabaka la watawala na wapiganaji, siku 12; Vaishya, wa tabaka la wafanyabiashara na wakulima, siku 15; Shudra, wa tabaka la watumishi, mwezi mzima. Kifo ni kilekile na machozi ni yaleyale, ila anayetoka chini anahitaji muda mara tatu kurudi katika usafi. Hapo tumekwisha kuondoka kwenye kuosha taka, tumeingia kwenye kupanga watu.

Hedhi nayo iliwekwa katika fungu la ashaucha, na mjadala wake bado ni moto. Kwa baadhi ya familia ni siku chache za kutopika na kutoingia chumba cha ibada, na wapo wanawake wanaozitetea kuwa ni mapumziko. Katika maeneo ya magharibi mwa Nepal, hata hivyo, desturi ya chhaupadi iliwapeleka wanawake kulala katika vibanda nje ya nyumba, na wapo waliokufa humo kwa baridi, kwa moshi au kwa kuumwa na nyoka. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliipiga marufuku mwaka 2005, na sheria ya mwaka 2017 ikaifanya kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo cha hadi miezi 3, faini ya rupia 3,000, au vyote viwili. Nchini India kesi iliyovuma zaidi ni ya hekalu la Sabarimala, jimboni Kerala, ambalo halikuwaruhusu wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50. Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 4 dhidi ya 1 kwamba zuio hilo linavunja katiba. Watetezi wa hekalu walisema sababu ni kiapo cha useja cha mungu Ayyappa. Jaji pekee aliyepinga uamuzi alikuwa Indu Malhotra, mwanamke pekee katika jopo, naye alihoji kama mahakama ina mamlaka ya kupima imani kwa kipimo cha mantiki. Jaji D. Y. Chandrachud, kwa upande wake, aliliunganisha zuio hilo na kifungu cha 17 cha katiba, kile kinachofuta desturi ya kuwaona watu kuwa hawagusiki. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba unajisi ukitumiwa kumfungia mtu mlango huwa ni kitu kilekile, awe anafungiwa kwa damu yake au kwa ukoo wake. Novemba 2019 suala hilo lilipelekwa mbele ya jopo kubwa zaidi.

Kifungu hicho cha 17 hakikuandikwa katika hewa tupu. Ashaucha ya msiba huisha na ya uzazi huisha, lakini kwa mamilioni ya watu waliozaliwa katika jamii za wachuna ngozi, wafagiaji na wachoma maiti ilihesabiwa kuwa ya kudumu, ikarithiwa na mtoto ambaye hajawahi kugusa ngozi wala maiti. Tarehe 20 Machi 1927, katika mji wa Mahad, magharibi mwa India, B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii hizo, aliongoza maelfu ya watu hao hadi bwawa la Chavdar, akainama, akanywa maji. Halmashauri ya mji ilikuwa imekwisha kulifungua bwawa kwa wote, na ng'ombe walikunywa humo siku zote bila mtu kulalamika. Baada ya tukio hilo wakazi wa matabaka ya juu waliyatakasa maji kwa mchanganyiko wa mazao matano ya ng'ombe, ambamo mna mkojo na samadi. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jugupsa iliyogeuzwa uso. Tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, hapohapo Mahad, wafuasi wa Ambedkar waliichoma moto Manusmriti hadharani.

Walioichoma walikuwa na haki ya kutoukumbuka ubeti wake kuhusu usafi wa mali. Ila haki inataka tuseme pia kwamba ugomvi na unajisi wa kurithi ulianza ndani ya Uhindu wenyewe, karne nyingi kabla ya katiba. Inasimuliwa kwamba Shankara, akielekea mtoni Varanasi, alimwamuru mchoma maiti apishe njia, naye akamuuliza: unataka kiondoke kipi, mwili huu uliotokana na chakula kama wako, au nafsi, ambayo wewe mwenyewe unafundisha kuwa ni moja kwa wote? Shankara alijibu kwa beti akisema kwamba aliye na ujuzi huo, awe mchoma maiti au Brahmani, ndiye mwalimu wake. Ravidas, mshona viatu wa Varanasi, anahusishwa na msemo ambao Wahindi wa kaskazini wanausema mpaka leo: moyo ukiwa mzima, mto Ganges umo katika beseni la kulowekea ngozi. Uzito wa msemo huo umo katika beseni. Hakuchagua kikombe cha dhahabu, alichagua chombo ambacho jirani yake Brahmani asingethubutu kukisogelea.

Na mto wenyewe? Ganges unatufundisha tofauti ambayo Kihindi kinaiweka katika maneno mawili: pavitra, yaani kitakatifu chenye kutakasa, na swachchha, yaani kisicho na uchafu. Kwa muumini, maji ya Ganges ni pavitra hata pale ambapo mabomba ya maji taka yanamwagia humo, na kwa muda mrefu imani hiyo ilifanya iwe vigumu kumshawishi kwamba mto unaumwa. Mama Ganga, wanasema, hachafuki. Gandhi, aliyekasirishwa na vyoo vya India maisha yake yote, alisisitiza kwamba utakatifu usiokubali kushika ufagio ni wa mashaka. Naye aliusafisha mwenyewe mtungi wa haja, kazi ambayo desturi iliiacha kwa watu wasioguswa tu.

Aliyeziunganisha sehemu zote mbili za shaucha kwa maneno machache kuliko wote alikuwa Basava, wa Karnataka, katika karne ya 12. Kazi yake ilikuwa mweka hazina wa mfalme Bijjala, kwa hiyo usafi wa mali ulikuwa ukimpitia mkononi kila siku. Katika ubeti wake unaojulikana sana anataja mambo saba: usiibe, usiue, usiseme uongo, usikasirike, usimdharau mwingine, usijisifu, usimtukane mtu. Kisha anasema kwamba huo ndio usafi wa ndani, na huohuo ndio usafi wa nje. Hakuna maji katika orodha yake, wala udongo, wala chakula.

Katika mji wa Kalyana wafuasi wake walilichukua neno hilo kama lilivyo. Simulizi za Walingayati, jumuiya inayomfuata Basava, zinaeleza kwamba mwana wa Haralayya, aliyekuwa mshona viatu, alimwoa binti wa Madhuvarasa, aliyezaliwa Brahmani, na jumuiya yote ikaibariki ndoa. Mfalme aliamuru baba zao wote wawili wauawe.